Miaka mitano nikiwa admini wa seva ya gemu hapa Chuga: kuku 600, vita ya Kibo na Meru, na utani ulioniponyoka

Konda_wa_Seva (Sakina, Arusha)

Wakuu habari za jioni. Kabaridi ka Chuga kananitafuna huku, nimejikunja na shuka la kimasai nikasema leo acha niushushe huu uzi maana niliuahidi tangu mwaka juzi na kule kwenye grupu wameshaanza kuniita fundi cherehani, "njoo kesho njoo kesho".

Iko hivi. Machi 2020 shule zilipofungwa kwa ajili ya corona, tarehe 17 kama mnakumbuka, mdogo wangu na wenzie wa mtaani walihamia sebuleni kwetu jumla, wanakula wanalala wanagombania simu. Mimi nilikuwa na kompyuta ya mtumba, RAM GB 8, feni inalia kama mashine ya kusaga. Nikaona isiwe tabu, nikawawekea seva ya Minecraft humo humo ndani wacheze wote kwa waifai moja. Walikuwa wanne. Nikajua shule zikifunguliwa itakufa yenyewe. Shule zikafunguliwa 29 Juni, seva ina watu 31, na kuna jamaa wa Moshi sijawahi kumuona kwa macho ananipigia saa tano usiku ananiuliza ng'ombe wake wameenda wapi.

Kwa wasioijua, Minecraft ni dunia ya mabloku, unachimba unajenga unafuga, usiku majini yanatoka yanakufukuza. Ilitoka rasmi Novemba 2011 kwa Mojang wa Sweden, 2014 Microsoft wakainunua kwa dola bilioni 2.5. Ina uzuri mmoja na ubaya mmoja. Uzuri kila mtu anajenga anachotaka. Ubaya kila mtu anabomoa anachotaka. Hapo ndo admini anapohitajika.

Sasa mimi sina sura ya ukali. Nikisema "marufuku" watu wanacheka. Nikaamua niongoze kwa ninachokiweza, yaani utani. Nikajifanya konda wa kifodi, yaani daladala za huku kwetu. Mtu akiingia seva inamwambia "Sogea nyuma kaka, nyuma kweupe." Akitolewa: "Shuka hapa, nauli yako imeishia Mbauda." Akisimama dakika kumi hachezi: "Abiria kalala, tumeshampitisha kituo." Akifa, basi ndugu wa marehemu wanatangaziwa kikao. Hiyo ya mwisho ishikeni, nitairudia, ndo iliyonifanya nikae kuandika.

Nawapa mfano mmoja utani unavyofanya kazi. Seva hii inapiga tiki 20 kwa sekunde, kila tiki ina milisekunde 50 za kufanya hesabu zote za dunia: maji yanatiririka, ng'ombe anageuza shingo, ngano inakua. Na hesabu karibu zote zinapita kwenye njia moja ya prosesa, kwa hiyo hata uwe na kompyuta yenye kori nane, moja ndo inahenyeka zingine zinaangalia. Sasa yule jamaa wa Moshi akafuga kuku kwenye chumba kimoja, sio kuku kumi, kuku 600. Kila kuku anatafuta njia, anasukumana na mwenzie, anataga. Tiki zikashuka mpaka 7. Unavunja bloku inarudi, unakula mkate unarudi mkononi, watu wanatukana. Ningeweza kumfungia. Badala yake nikatangaza kwenye chati, "Mdondo umeingia Kiborloni, bwana mifugo yuko njiani," nikapiga amri moja kuku wote wakaanguka. Jamaa akaja anadai fidia, nikamtupia yai moja. Kesho yake mwenyewe akaweka kibao nje ya banda: MWISHO KUKU 20 KWA AMRI YA BWANA MIFUGO. Sheria ya kuku mpaka leo hakuna aliyeivunja na mimi sijawahi kuiandika popote.

Naendelea, naweka chai kwanza.

Mangi_Kiborloni

Aisee mimi ndo mwenye kuku. Naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba walikuwa 580 na lile yai halikuanguliwa.

toyo_mbovu

Natia nanga hapa. Konda usitukimbie na chai yako.

Dada_Ngarenaro

Simulia ile siku ya admini feki 😂😂

Konda_wa_Seva

Dada Ngarenaro ameitaja haya tuimalize. Mwanzoni wengi hatukuwa na akaunti za kununua, kwa hiyo seva niliifungulia ule mlango wa kutohakiki majina, na mlango huo ukiwa wazi mtu akijiandika jina lako seva inaamini ni wewe. Admini yeyote anayeanza leo asome hapo mara mbili. Mimi sikulijua. Siku hiyo niko kwenye kifodi natoka Tengeru, kuna kijana akaingia kwa jina langu, amri zote zikawa zake, akaanza kugawa almasi, akageuza usiku kuwa mchana, akamrusha Mangi angani. Na watu wanashangilia! Dakika arobaini hakuna aliyeshtuka maana yule bwana utani alikuwa anaujua, anasema "sogea nyuma" vizuri kuliko mimi.

Walimgundua kwa kitu kimoja tu. Alimvunjia Dada shamba la miwa akaandika "samahani dada". Dada akasema huyo sio Konda, Konda hajawahi kuomba samahani. Wakampigia simu.

Nilifika nyumbani nikafunga, nikarudisha dunia ya jana yake, nikaweka plagini (kiprogramu cha kuongezea) ya nywila, kila jina na nywila yake hata kama akaunti haijanunuliwa. Ila ile ya samahani ilinikaa. Nikajiuliza kumbe mimi nafahamika kwa hilo?

Dada_Ngarenaro

Na miwa yangu hukuirudisha.

fundi_waya

Mkuu swali la kiufundi. Seva ya nyumbani watu wa nje wanaingiaje? Mimi niko Usa River nilijaribu, nikafungua poti 25565, ule mlango wa Minecraft, kwenye ruta, wapi.

Konda_wa_Seva

Fundi hapo shida huwa sio ruta yako. Watoa huduma wengi wanawaweka wateja chungu nzima nyuma ya aipi (anwani ya mtandaoni) moja, kama nyumba ya kupanga yenye geti moja na mlinzi hajui jina la mpangaji, barua inafika getini inaishia hapo. Ufungue poti usifungue haikufikii. Mimi naongeza hela kidogo kwa mwezi napata aipi ya peke yangu. Kama hupati kwako kuna huduma za kupitisha njia ya pembeni, ila hizo mara nyingi zinazunguka Ulaya ndo zirudi, sasa mtu wa Usa River na wa Sakina wanakutana Ulaya kwanza, pingi, yaani ule ucheleweshaji, inapanda unapigwa panga kabla hujamuona adui.

Faida ya kuwa na seva sebuleni niliiona 12 Mei 2024, zile nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, mnakumbuka intaneti ilivyokuwa inatambaa. Wale wa simu hawakuingia, akaunti zao lazima zithibitishwe nje ya nchi. Wa kompyuta wenye nywila za kwetu, hapa hapa mjini, walicheza kama kawaida. Ndo siku mdogo wangu aliniheshimu kwa mara ya kwanza.

fundi_waya

Nimekuelewa mkuu, barua inaishia getini. Naomba nikuulize tena baadae.

Kibo5895 (Moshi)

Mnaogopa kuongelea mlima au?

toyo_mbovu

Haya wameshakuja 😂

Konda_wa_Seva

Naingia mlimani.

Zamani dunia ya Minecraft ilikuwa na urefu wa bloku 256 tu. Tarehe 30 Novemba 2021 likatoka toleo la 1.18, chini ikaongezwa mpaka hasi 64 na juu mpaka 320. Siku hiyo hiyo Kibo5895 akaja inbox, sio salamu sio nini, ananiambia "sasa anaenea."

Nani anaenea?

"Mlima."

Jamaa alishapiga hesabu na daftari. Kilimanjaro mita 5,895. Ukisema bloku moja ni mita 20, na Moshi mjini ambayo iko mita 800 hivi juu ya bahari uiweke kwenye usawa wa maji wa gemu ambao ni 63, basi kilele kinaangukia 318. Dari ni 320. Yaani mlima unaenea kwenye chumba unabaki mdomo wa bloku mbili. Niliona kama ishara, sikumwambia lakini.

Tukaanza Januari 2022, ikatuchukua miezi saba. Kwa kipimo hicho barabara ya Moshi Arusha yenye kilomita 80 inakuwa bloku 4,000, ukitembea kwa mguu ni robo saa, tukaweka mpaka vibanda vya ndizi. Kwenye barafu wakagombana wiki nzima. Vijana wanataka kofia nyeupe kubwa kama kwenye chupa za maji, Kibo5895 anasema barafu imepungua zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, tukiweka kofia tunadanganya. Mwisho tukaweka vipande vipande kama ilivyo sasa hivi, halafu kuna mwenzetu akamuonyesha baba yake aliyewahi kupandisha wageni miaka hiyo, mzee akaangalia skrini akasema tu, "pale palikuwa pamejaa." Tukaweka alama ya mawe meupe mpaka pale mzee aliponyooshea kidole.

Sasa Chuga. Mlima Meru mita 4,566. Kwa hesabu ile ile unafika 251. Yaani ukisimama Sakina ndani ya gemu unakiona Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kimeipita Meru bloku 67, na watu wa Moshi wakawa wanakuja kusimama kwetu makusudi wanatazama kwao wanasema "hewa ya huku chini nzito eeh." Toyo huyu huyu akaleta hoja kwamba Meru ilikuwa ndefu zamani kabla ule upande wa mashariki haujabomoka, kwa hiyo kwa haki tujaze kwanza palipobomoka halafu tupime. Hoja ya wanasheria kabisa. Kibo5895 akamjibu ukiirudisha Meru ya kabla haijabomoka na mimi narudisha barafu yote.

Usiku Meru ikaanza kukua. 253. 256. Wiki ya tatu iko 270 na hakuna anayejua.

Mimi nina plagini inayoandika kila bloku nani kaiweka na saa ngapi, nilijua tangu usiku wa kwanza. Nikanyamaza. Nilitaka kuona watafika wapi. Walipofika 270 nikatangaza wataalamu wa miamba wamekuja kupima, nikawaita wote kileleni, nikaanza kusoma majina mmoja mmoja na idadi ya bloku kama mwenyekiti wa kijiji anavyosoma wadaiwa wa mchango wa shule. Toyo bloku 412. Kuna dada mmoja sitamtaja anaishi Ngarenaro, bloku 96.

Adhabu ikawa Ugumu. Mnajua mlimani wapagazi tunawaita wagumu, basi mkosaji anavaa jina [Mgumu] siku tatu na kazi yake kushusha zile bloku mpaka Moshi kwa mguu, na mzigo wake mwisho "kilo 20" kama mlima wa kweli, ambayo tuliamua ni bloku 20 kwa safari moja. Robo saa kwenda robo saa kurudi. Toyo alienda safari 21.

toyo_mbovu

Safari ya 14 nilikutana na kripa, lile jini linalolipuka, pale Boma Ng'ombe akanilipua na mzigo, admini akaniambia mzigo wa mgeni unalipwa. Nikarudia. Sijawahi kufanya kazi ya kweli kwa bidii ile.

Dada_Ngarenaro

Bloku 96 ni uzushi.

Mzazi_Njiro

Habari zenu vijana. Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja ana miaka 12 anacheza haya mambo, nimeingia hapa natafuta kujua. Nimecheka lakini naomba niulize, huko ndani mtoto wangu anaongea na nani? Maana namuona tu amevaa hedifoni anacheka peke yake.

Mangi_Kiborloni

Shikamoo mama. Swali zuri sana hilo.

Konda_wa_Seva

Shikamoo mama yangu. Nakujibu bila utani.

Kwetu mtoto chini ya miaka 15 naongea na mzazi kwanza kwa simu, nisikie sauti ya mtu mzima. Saa tatu usiku siku za shule anatolewa. Ujumbe wa siri kati ya mtu na mtu nimezima, wote waongee palipo wazi. Hilo la mwisho nililifanya nikiwa nimechelewa. 2021 kulikuwa na memba, mtu mzima, mchangamfu, anajenga vizuri, anasaidia madogo. Kumbe huku pembeni anamwambia binti wa miaka 12 amtumie picha, kwa kumuahidi zawadi za kwenye gemu. Binti alimwambia mdogo wangu, mdogo wangu akaniambia mimi.

Siku hiyo hakukuwa na nauli kuishia Mbauda wala nini. Nilihifadhi maandishi yote kabla sijamfungia, maana ukifunga kwanza ukafuta umefuta ushahidi, nikawapigia wazazi wa binti, tukaenda nao polisi Dawati la Jinsia na Watoto. Baada ya hapo kwenye chati watu wakawa wananiuliza fulani yuko wapi mbona simuoni, mmoja akaanza kuchekesha, nikaandika "hapana." Wakanyamaza wote. Walikuwa hawajawahi kuniona naandika neno moja.

Kwa hiyo mama, muulize mtoto jina la seva na umuombe namba ya admini. Admini akikukwepa mtoe mtoto humo, hata kama analia.

Mzazi_Njiro

Asante mwanangu. Leo leo namuuliza.

fundi_waya

Narudi na swali lingine, hela je? Maana umeme, aipi, kompyuta. Mimi kuna mtu alitaka kunipa elfu hamsini nimpe uadmini.

Konda_wa_Seva

Usichukue. Ukishauza amri huna seva tena, una duka. Halafu Mojang wenyewe tangu 2014 walishasema seva isiuze kitu kinachompa mtu nguvu kuliko wenzie, mapambo ruksa. Sisi tunauza kofia za konda, buku moja. Haina kazi yoyote, haikingi panga. Kofia zimenunua betri ya kuhimili umeme ukikatika, maana kabla ya hapo umeme ukikata wakati seva inaandika diski unaweza kukuta kipande cha dunia kimeharibika, tuliwahi kupoteza nusu ya soko letu la Kilombero la kwenye gemu na vibanda vyake. Bakapu kila baada ya masaa sita fundi, na moja ikae nje ya hiyo kompyuta.

Hiyo betri ndo ilinigombanisha na mama Desemba 2021. Mnakumbuka ule udhaifu wa Log4j? Kile kipande cha programu kinachoandika kumbukumbu, kwenye Minecraft mtu alikuwa anaweza kuandika mstari mmoja tu kwenye chati akaichukua kompyuta yako yote. Mstari mmoja! Mojang walitoa marekebisho 10 Desemba, Ijumaa, toleo la 1.18.1. Mimi Jumamosi niko Marangu kwenye kipaimara, mtandao unakuja unaondoka, napata ujumbe kumi kwa mpigo "zima seva zima seva." Nampigia mama yupo Sakina. Mama chomoa ule waya mweusi nyuma ya meza. Akachomoa. Seva inaendelea. Mama sio huo, mwingine. Seva bado iko hewani maana ina betri mpya mama hajui, na wa kwanza ulikuwa wa friji. Mwisho akasema "nimezima nyumba nzima, niache nilale." Seva iliishiwa pumzi baada ya nusu saa. Nyama ya Krismasi ndo ilianza kuharibika hapo.

Mangi_Kiborloni

Konda ulisema ile ya ndugu wa marehemu utairudia. Mimi naijua, lakini iseme mwenyewe.

Konda_wa_Seva

Ndio mangi. Nilikuwa naizungukazunguka.

Kuna dogo wa Pasua, form two wakati huo, mtulivu, ndo aliyejenga misitu yote ya chini ya mlima, mti mmoja mmoja kwa mkono. Akapotea siku kama tano. Hatukuuliza, watoto wanapotea, mitihani, bando. Usiku mmoja akaingia hajasalimia, akapanda mlima peke yake mpaka karibu na kilele, akateleza. Seva ikaandika yenyewe kama nilivyoipangia: "Ameanguka Kibo. Ndugu wa marehemu mkutane nyumbani, kikao cha sanda saa kumi." Na watu kwenye chati kama kawaida yao, hahaha, pole wafiwa, nani anachangia mchele.

Akatoka. Mimi sikuwepo hata, nilikuwa nakula.

Asubuhi Mangi akanipigia. Baba wa yule dogo alizikwa jana yake, Kibosho.

Sijui niseme nini hapo. Nilifuta ile mistari yote saa hiyo hiyo, halafu nikamuandikia dogo nikafuta, nikaandika nikafuta. Mangi akasema acha kuandika, panda gari. Tukakutana stendi ya Moshi mimi, Mangi na Kibo5895, ndo mara ya kwanza tunaonana wote watatu kwa macho, Kibo ni mfupi kwa taarifa yenu, tukapanda Kibosho. Ilikuwa siku ya kuanua tanga. Mama yake akatuuliza nyie ndo wa gemu? Tukasema ndio mama, pole sana. Akatukaribisha tukakaa.

Sasa pale kulikuwa na mzee wa kipare, mtani wa marehemu. Amevaa koti la marehemu na kofia yake, amekaa kwenye kiti chake, anaagiza. "Leteni kahawa, mimi ndo mwenye nyumba hii. Na yule anayenidai elfu thelathini aje nimwambie nimekufa." Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu, mama mjane anacheka machozi yanatoka, na dogo, nilimuangalia kwa kuibia, dogo alikuwa anacheka.

Nikashangaa. Maana maneno ya yule mzee ukiyapima ni makali kuliko yangu. Nikamuuliza baadae tukinawa mikono, mzee unajuaje ukomee wapi? Akaniambia, "Nimekaa naye miaka thelathini. Asubuhi kabla sijavaa hili koti nilikaa na mama watoto jikoni nikamuuliza, nivae?"

Kwangu ile mistari nilikuwa nimeipanga kwenye faili mwaka mzima nyuma, inajitoa yenyewe kwa yeyote anayekufa, saa yoyote. Haikujua inaongea na nani.

Nilimwambia dogo samahani. Kwa mdomo, hapo nje kwenye migomba. Akasema "Dada Ngarenaro haamini akisikia."

Tangu hapo mtu akifa seva inaandika jina na basi. Nikiwepo na nikikujua naongezea mwenyewe kwa vidole vyangu.

Dada_Ngarenaro

Sikuamini kweli. Nilimpigia dogo kumuuliza.

fundi_waya

Pole mkuu. Ila mimi napinga kidogo, sasa hivi una watu mia na ngapi, utaandika kwa mkono mpaka lini? Wengine tulipenda ile mistari. Ungeweza kuweka mtu akifiwa aseme, umzimie yeye tu.

Konda_wa_Seva

Mia na arobaini. Fundi fikiria ungekuwa wewe, umetoka kuzika, unafungua gemu, unajaza fomu kwamba umefiwa? Wengi nawakosa kweli, mtu anakufa saa nane usiku hakuna wa kumtania. Sio mbaya. Wenyewe wameanza kutaniana, tena wananizidi.

toyo_mbovu

Jana nimekufa mara sita hakuna aliyesema kitu, nilijisikia vibaya.

Mangi_Kiborloni

Tulikuona. Tuliona sio habari.

Kibo5895 (Moshi)

Naomba kutoka nje ya mada. Na mimi sio mfupi, nyie mlisimama kwenye mteremko. Halafu nimepita Meru sasa hivi kupima kama ninavyopima kila Jumapili. Iko 252.

Konda_wa_Seva

Nani.

toyo_mbovu

Mvua za masika zilileta udongo.

Konda_wa_Seva

Toyo udongo haupandi juu. Vaa [Mgumu], bloku moja, safari moja, Boma Ng'ombe upite kwa mguu na ukitoka nje ya barabara unarudia.

toyo_mbovu

Sawa boss. Naanza kesho, leo nina majukumu ya kifamilia.

Kibo5895 (Moshi)

Sasa hivi iko 253.

Konda_wa_Seva

Dada Ngarenaro uko wapi?